Mfumo wa kampuni: huduma mpya tubaki na Java, au Python/Node?

Fundi Seva
Wakuu, habari zenu. Mfumo wetu wa mauzo ni Java tupu, umegawanywa huduma huduma: oda, stoo, malipo, ripoti. Vijana wapya wanajua Python na JavaScript (ile ya Node, inayokimbia kwenye seva), na bosi anataka malipo na ripoti ziandikwe upya haraka. Hofu yangu ni hizi lugha zisizotangaza aina ya data mapema. Kosa ambalo Java inalikataa wakati wa kukompaili (kompaila ikitafsiri msimbo kabla haujaendeshwa), huko linakaa likingoja mteja abonyeze kitufe. Nani ameshapita njia hii?

nyundo254
Ripoti peleka Python leo, hiyo haina mjadala. Kuhusu kasi usiogope sana: huduma nyingi za ofisi zinashinda zikisubiri kanzidata na mtandao, lugha haina lawama hapo. Instagram yenyewe imejengwa kwa Python na Django, kiunzi chake cha tovuti.

mzee_wa_WSDL
Na Twitter mbona humtaji? Walianza na Ruby on Rails (Ruby nayo haitangazi aina), ilipofika 2011 utafutaji ukahamia Java, kwingine wakaweka Scala, inayokagua aina kama Java. Python nayo ina kufuli lake la GIL: hesabu nzito hazikimbii sambamba ndani ya prosesi moja. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 lilileta njia ya kuliondoa, lakini kwa majaribio.

nyundo254
Mzee, WhatsApp imeandikwa kwa lugha ya Erlang, nayo haitangazi aina. Mwaka 2012 walieleza kuwa seva moja ilibeba miunganisho zaidi ya milioni 2.

Binti Pangani
Jamani, mnapigania ndani ya nyumba wakati mwizi anapita mpakani. Kompaila ya Java inaona huduma moja tu. Jirani akibadili jina la sehemu kwenye JSON (maandishi ambayo huduma zinatumiana data), Spring Boot, kiunzi cha Java, kwa mipangilio yake ya kawaida halilalamikii jina geni. Wewe unabaki na null, yaani thamani tupu, na kompaila imekupitisha.

Mbaya zaidi ni namba. Kitambulisho cha muamala kwenye Java ni long, biti 64. Kitume kama namba ya JSON kwenda Node: JavaScript inashika namba kamili kwa uhakika mpaka 9007199254740991. Ukivuka hapo tarakimu za mwisho zinabadilika kimyakimya, muamala unakuwa wa mtu mwingine, na kwenye logi hakuna kitu. Ndiyo maana Twitter waliongeza id_str, kitambulisho kilekile kama maandishi. Python iko salama kwenye namba kamili, ila pesa usiziache kwenye float, namba ya desimali ya makadirio: 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Tumia Decimal, inayoshika desimali kamili.

Kwa hiyo: vitambulisho vyote viwe maandishi, mkataba wa kila huduma (data gani inapokea na kutoa) uandikwe kwa OpenAPI au Protocol Buffers, na upande wa Python data ikaguliwe na maktaba ya Pydantic ikiwa bado mlangoni.

mzee_wa_WSDL
Hapo nakubali. Lakini tazameni wakubwa walivyoishia: Facebook wakatoa Hack mwaka 2014, lugha ya kuongeza aina juu ya PHP, Stripe wakatoa Sorbet, kikaguzi cha aina kwa ajili ya Ruby, 2019, na mwaka huohuo Dropbox walikuwa wanakagua mistari zaidi ya milioni 4 ya Python kwa mypy, kikaguzi cha aina. Kama aina mtazirudisha, mliziondolea nini?

nyundo254
Kwa sababu mwanzoni hujui hata biashara itakaa vipi. Unaanza mwepesi, unakaza baadaye.

Fundi Seva
Malipo yetu yanaongea na benki kwa SOAP, ule utaratibu wa zamani wa kutumiana ujumbe wa XML. Python itaweza?

mzee_wa_WSDL
Maktaba ya Zeep inasoma WSDL, faili linaloeleza huduma ya SOAP, vizuri. Na usidhani Java inakupa bure: JAX-WS, sehemu ya Java ya SOAP, iliondolewa kwenye JDK (kifurushi cha Java) tangu Java 11, mwaka 2018, unaiongeza mwenyewe. Ila kama ya sasa inafanya kazi, malipo usiyaguse kwa sababu tu vijana hawapendi mabano ya Java.

Fundi Seva
Sawa. Ripoti Python na mypy tangu siku ya kwanza, malipo yabaki Java. Vitambulisho naanza kuvigeuza maandishi wiki hii. Binti Pangani, hayo mafaili ya OpenAPI mnayaweka hazina moja ya wote, au kila timu na lake?

Binti Pangani
Moja ya wote. Anayebadili mkataba, majaribio ya huduma zote zinazomtegemea yakimbizwe kabla hajapandisha chochote laivu.