Kupata mlinganyo wa mstari kutoka kwenye grafu, nakosea wapi?

Wakuu naombeni msaada, nina grafu ya mstari ulionyooka unapita (0, 5) na (4, -3). Mteremko nimefanya 5 toa -3 nikapata 8, chini 4 toa 0 nikapata 4, kwa hiyo 2, mlinganyo y = 2x + 5. Nyuma ya kitabu wameandika y = -2x + 5, hiyo hasi imetoka wapi jamani??

Jibu
Umechanganya mpangilio mkuu. Juu umeanza na nukta ya kwanza, chini ukaanza na ya pili. Ukianza na 5 juu basi chini anza na 0, yani 8 gawanya kwa -4 = -2. Halafu hata kabla ya hesabu tazama tu mstari, ukienda kulia unashuka, mteremko lazima uwe hasi. Ile 5 uko sawa, ndo unapokata mhimili wa y.

Jibu
Na angalia skeli! Mi nilikuwa nahesabu viboksi tu, kumbe mhimili wa y kila kiboksi ni 2, majibu yote yakatoka nusu

Muulizaji
Daah kweli, nimeweka x = 4 kwenye jibu langu ikaja 13 badala ya -3 😂 sasa ule uliosimama wima je?

Jibu
Huo hauna mteremko, chini inakuja sifuri. Ukipita kwenye 3 ya mhimili wa x andika x = 3 basi