Kijana anaenda chuo Milwaukee na Elantra, naombeni ushauri

Mama Kijana:
Wapendwa habari za wikendi, wakubwa shikamooni. Mwanangu anaanza chuo Milwaukee, Marekani, mwezi wa nane, kajinunulia Hyundai Elantra ya 2017 kwa hela ya kubeba maboksi ghalani, analiosha kila Jumamosi. Sasa mama mmoja hapa kaniambia hilo gari kule ni kama kulaza kuku nje. Kweli au ananitisha?

Mzee wa Baridi:
Marahaba mama, hakutishi. Hyundai za 2015 mpaka 2021 na Kia za 2011 mpaka 2021, zile za kuwasha kwa kuzungusha ufunguo, nyingi zilitoka kiwandani bila imobilaiza, yaani kile kichipu cha kuutambua ufunguo. Canada ni lazima tangu 2007, Marekani hakuna sheria hiyo, basi wakabana matumizi. Na mchezo wenyewe wa kuyaiba ulianzia huko huko Milwaukee, wanavunja kioo, wanabandua plastiki ya chini ya usukani, wanang'oa kile kisilinda cha ufunguo halafu wanazungusha kwa ncha ya waya wa USB, huu huu wa kuchajia simu, 2022 ikaingia TikTok ndo ikawa balaa nchi nzima. Kama lake ni la kuwasha kwa batani, hilo halimhusu.

Dawa ipo toka Februari 2023, ni programu mpya wanaweka bure kwa dila, yaani wakala wa kampuni. Achukue namba ya chasisi aiangalie kwenye tovuti ya kampuni kama gari lake limo, maana mengine hayaipokei. Ila hapa ndo wengi wanapokosea mama, hiyo kinga inajiwasha ukifunga milango KWA RIMOTI. Mtu kaweka programu, kabandikiwa na stika dirishani, halafu anabonyeza loki ya mlangoni anausukuma na nyonga huku kashika vitabu, hapo hajafanya kitu.

Dada wa Ohio:
Mimi langu halikuwa la aina hizo, na hata kuvunja hawakuvunja. Asubuhi ya Januari nimewasha lipashe injini, nikarudi ndani kumalizia chai, natoka nakuta alama za matairi kwenye theluji, kikombe bado mkononi. Bima yangu ilikuwa ile ya kumlipa uliyemgonga tu, kama thadi pati ya nyumbani, wakanipa pole na namba ya kesi. Kijana akate bima kubwa, na aulize kabla hajahama maana anwani ikibadilika bei nayo inabadilika, na kwa hizo gari kuna kampuni zilishakataa wateja wapya kwenye baadhi ya miji.

Mwanachuo:
Sasa wadau. Mama, mnunulie pia chuma cha kufunga usukani, ile ya rangi kali inayoonekana kutoka nje, aulize kwanza polisi maana kuna vituo viligawa bure. Inakatika kwa msumeno lakini hawa vijana wana haraka, wataenda kwa gari la pili. Pia chuo chenye polisi au walinzi wake kisheria lazima kiwe na daftari la matukio ya siku 60 zilizopita, mtu yeyote anaruhusiwa kulisoma, aende aone paking gani magari yanaibwa ndo alipie kibali cha paking nyingine. Likizo ya Desemba asiliache pale wiki tatu, atafute hata uwanja wa nyumba ya mtu.

Dada wa Ohio:
Na mkoba usionekane kwenye siti. Sisi tuliozoea kuchora namba kwenye saiti mira Dar tukifika huku tunajiachia sana 😂

Mama Kijana:
Asanteni sana. Nimempigia, ni la kuzungusha, kapata nafasi kwa dila Jumatano. Nimemuuliza na rimoti, anasema ilikufa betri tangu Pasaka, anafunguaga kwa ufunguo.

Mzee wa Baridi:
Betri leo leo mama, asisubiri Jumatano.