Naomba ushauri: tochi ndogo na imara ya kubeba kila siku

Ndugu zangu, ninanunua samaki pale Deep Sea, Tanga, ambako vyombo huingia kabla hakujapambazuka, hivyo nahitaji tochi ya mfukoni, isiyozidi urefu wa kiganja, itakayohimili maji ya chumvi na kuanguka kwenye sakafu ya zege. Zile za plastiki hazidumu, kwani chumvi hula springi ya betri na swichi huanza kugoma.

Ninafahamu kwamba alama ya IPX7 humaanisha tochi huhimili kuzama katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, lakini kipimo hicho hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi. Je, mwili wa alumini unafaa, au nitafute chuma cha pua, ingawa ni kizito?

Mwanga mkali kupita kiasi siutaki. Lumeni 100 zinanitosha, mradi usiwe wa kibluu, kwa sababu huo hunidanganya ninapofunua matamvua kutazama kama bado ni mekundu. Kuhusu betri, ninasita kati ya 18650 (betri nene ya lithiamu) ya kuchaji, inayodumu zaidi, na AA ya kawaida, ambayo hata kwa Mangi ipo. Mwenye uzoefu wa kazi za pwani angechagua ipi?