Achète, achetons, achèterai: ni mkazo au ni silabi?

Swali
Habari zenu, wanajukwaa. Katika kitenzi cha Kifaransa acheter (kununua) tunaandika j'achète kwa alama juu ya e, lakini nous achetons haina alama hiyo. Darasani tulielezwa kwamba sababu ni mkazo, ambao katika achète huangukia shina na katika achetons huhamia kwenye -ons. Maelezo hayo yananitosha mpaka nifike kwenye j'achèterai (nitanunua), ambako mkazo uko mwishoni kabisa na alama bado ipo. Kanuni hasa ni ipi?

Jibu la kwanza
Ndugu, tazama silabi kabla ya mkazo. Sisi tuliozoea silabi zinazoishia kwa irabu tukiona achète tunasoma silabi tatu, ilhali katika matamshi ya kawaida ya Kifaransa ni mbili, a-chète, kwa kuwa e ya mwisho haisikiki na t hubaki ikiifunga silabi iliyotangulia. Ndani ya silabi funge ya namna hiyo e hutamkwa kwa uwazi, na è ndiyo inayotuonyesha hivyo. Achèterai ina hali hiyohiyo, a-chète-rai, hata kama mkazo umehama. Katika achetons, t inaanzisha silabi ya -tons, na e iliyoachwa bila kufungwa mara nyingi humezwa, ikasikika ach-tons. Appeler (kuita) hufuata njia hiyo, ila huonyesha badiliko kwa kurudufu l: j'appelle, nous appelons.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, na naongeza kwamba mkazo wa Kifaransa ni wa kundi zima la maneno: katika j'achète du pain (nanunua mkate) husikika kwenye pain. Hata hivyo, maelezo ya darasani yana msingi wa kihistoria, nami nisingependa yatupwe. Katika mourir (kufa), irabu ya shina iliyobeba mkazo tangu Kilatini iligeuka ikawa eu, il meurt, na pale mkazo ulipoangukia mwisho wa kitenzi tukapata ou, nous mourons.

Muuliza swali
Nashukuruni sana. Je, préférer (kupendelea) nayo ni hivyo?

Jibu la kwanza
Ndiyo: je préfère, nous préférons. Katika wakati ujao tahajia ya zamani ni préférerai, ingawa wengi hutamka è, na marekebisho ya tahajia ya 1990 yaliruhusu préfèrerai.