Nimekopi seva kwenye mashine pacha, nikichomeka kamba depo yote inakatika. Musaada!

Fundi_Ruashi: Wakubwa, habari za usiku. Niko Lubumbashi, naangalia kompyuta za depo moja ya dawa huku komini ya Kenya. Tuko na seva mbili pacha, modeli moja, RAM sawa, diski GB 500 kila moja, ndani Debian (Linux). Nilikopi ya kwanza kwenda ya pili na dd, ile amri ya kukopi diski nzima, ikawaka vizuri kabisa. Lakini nikichomeka kamba ya netiweki, wa kaunta wanapiga kelele seva imepotea. Nikichomoa inarudi. Shida iko wapi? Naihitaji kesho asubuhi.

Yaya_Terminali: Mdogo wangu, umekopi mpaka IP, ile anwani ya netiweki, sasa wawili wanaitika jina moja. Ubadilishe IP na /etc/hostname kamba ikiwa nje. Utengeneze machine-id mpya (kitambulisho cha mashine) na funguo mpya za SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali), zile ssh_host_*. UUID za diski, namba za kuzitambulisha, ziache, fstab (faili ya kufungua diski) inazitafuta hizo hizo, ila usiweke diski zote mbili ndani ya mashine moja, haitajua ipi ni ipi. Swali: wakati wa kukopi, seva mama, ile ya kwanza, ilikuwa imezimwa?

Papa_Kamalondo: Mimi nilipoteza pointi za wanafunzi za mwaka mzima juu ya kuran (umeme) kukatika, walimu wakaanza kusahihisha makaratasi upya, wengine walikuwa wameyafungia karanga. Tangu siku ile bila onduleri, betri ya kushika mashine kuran ikikatika, sigusi kitu. Kijana, nunua onduleri.

Fundi_Ruashi: Asante papa, onduleri iko. Yaya, IP nimebadilisha, wa kaunta wametulia, Mungu akubariki! Seva mama ilikuwa inawaka, depo haifungi kabla ya saa mbili usiku, siwezi kuzima watu wakinunua dawa.

Yaya_Terminali: Na MySQL, ile database, ilikuwa inaandika? Basi kopi yako imechukua data nusu ya zamani nusu mpya. Kama huwezi kuzima, dd si njia yake. Piga mysqldump (amri ya kutoa kopi ya database) na --single-transaction, meza zikiwa za aina ya InnoDB watu wanaendelea kuuza.

Mama_Katuba: Bosi anajua? Dawa si mchezo, mtu anaweza kupewa kitu kilichoisha muda. Omba ruhusa kwanza, kisha mambo ya amri.

Fundi_Ruashi: Bosi nilishamwambia iko tayari. Imewaka, majina ya faili yote yanaonekana, na ukubwa wake sawasawa. Sioni sababu ya kurudia.

Mtoto_wa_Likasi: Na ilichukua muda gani?

Fundi_Ruashi: Kama dakika kumi.

Mtoto_wa_Likasi: Hahaha, basi hii stori umetunga. Diski ya kuzunguka, hata ikienda MB 100 kwa sekunde, GB 500 ni karibu saa moja na nusu. Dakika kumi ni GB 60.

Papa_Kamalondo: Aa, kumbe tunahangaikia hewa. Mie nalala.

Fundi_Ruashi: Sijatunga. Kuran ilikatika. Onduleri ilikuwa ya seva mama tu, ya pili ikazimika katikati. Iliporudi nikawasha, ikawaka, nikasema ni Mungu. Na seva mama inapandishwa gari saa kumi na moja asubuhi, inaenda tawi la Likasi.

Yaya_Terminali: Sikiliza. dd inaanza mwanzo wa diski. Mfumo uko mwanzoni, ndiyo maana imewaka. Majina ya faili yanaonekana lakini ndani mwake data haikufika. Seva mama isitoke mlangoni.

Mtoto_wa_Likasi: Nisamehe kaka, nilikuhukumu haraka. Piga simu dereva sasa hivi.

Fundi_Ruashi: Nimemuamsha bosi. Amekasirika sana, lakini gari halitaondoka. Jumapili depo imefungwa, nitazima zote mbili, niwashie kwenye USB, onduleri kwa zote. Yaya, status=progress, ile ya kuonyesha kopi imefika wapi, inaandikwa mwanzo ao mwisho?

Yaya_Terminali: Popote nyuma ya dd. Ila if ni inakotoka, of ni inakokwenda. Soma lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL (orodha ya diski), linganisha namba ya seri ya kila diski na karatasi iliyobandikwa juu yake, usibonyeze Enter kabla hujazisoma mara tatu.