Naomba ushauri: mtoto kwenye meza ya bia
Wenzangu, nisaidieni. Jumapili tukitoka kanisani, mzee wangu hupenda tupitie kula samaki hapa Kisumu, kando ya ziwa. Samaki ni mtamu, sikatai, lakini meza ya pili watu wanakunywa bia na kupigia mpira kelele. Juzi kijana wangu wa miaka sita aliokota vizibo chini ya meza, akavipanga kama magari ya matatu, kisha akauliza, "Mama, nikikua nitakunywa ya baba?" Nikameza mate.

Ile sheria ya Mututho ya 2010, ya kudhibiti pombe hapa Kenya, inakataza walio chini ya miaka 18 kuingia panaponywewa pombe, ila mhudumu alimletea soda na mrija! Mzee anasema naleta ushamba. Nyinyi mnafanyaje? Tubebe samaki tukalie nyumbani?