"Invasive" kwa Kiswahili tunasemaje hasa? Mzee kaniuliza kuhusu mahindi nikakosa jibu

mgani_wa_kijiji
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mtu wa ugani huku Arusha, nimepewa kipeperushi cha Kiingereza kuhusu gugu karoti nikitafsiri kwa ajili ya mkutano wa kijiji. Kila baada ya mistari miwili unakutana na "invasive", pengine "invasive alien species". Nilikuwa na haraka nikaandika "mimea ya kigeni" nikaona nimemaliza. Sasa mkutanoni akasimama mzee mmoja akaniuliza, mwanangu unasema tung'oe mimea ya kigeni, mahindi si tuliletewa na Wareno, na mihogo je, na maharage? Na hakuwa ananijaribu, alitaka kweli kujua ang'oe nini aache nini. Nilisimama pale sina neno, imeniuma mpaka leo.

Naomba kusaidiwa. Hilo neno maana yake ni kigeni, ni gugu tu, au ni kitu kingine kabisa? Kamusi inaniambia "vamizi" lakini naogopa watu watafikiria majambazi. Mkutano wa pili ni wiki ijayo.

kalamu_na_chaki
Huyo mzee ameshika penyewe, mpe heshima yake. Umechanganya maneno mawili. "Alien" ndo mgeni, yaani kiumbe kilichotolewa mahali pake pa asili na mtu kikapelekwa kwingine. "Invasive" inataja tabia, kwamba kikishafika kinaenea chenyewe bila kupandwa na kinadhuru kile kilichokuwepo, malisho, samaki, msitu, afya za watu. Mkataba wa Bioanuwai, yaani makubaliano ya kimataifa ya kulinda aina za viumbe, unavitumia hivyo hivyo viwili viwili, ugeni kwanza halafu madhara.

Chukua mahindi. Yametoka Amerika, sawa, ni mgeni. Lakini acha shamba misimu mitatu bila mtu uone kama utayakuta, punje zimebanwa kwenye gunzi na gunzi limefunikwa maganda, bila mkono wa mtu hayaendi popote. Gugu karoti nalo limetoka huko huko Amerika, ila hakuna aliyelipanda na limejaa kando ya barabara, mche mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Wote wageni, mmoja tu ndo vamizi.

Na usiseme "gugu" ukadhani umemaliza maana "weed" ni chochote kinachoota usipokitaka. Kiduha kinanyonya mahindi na mtama mpaka unakata tamaa lakini ni cha Afrika hii hii, hakikuletwa na meli. Ni gugu baya sana ila sio mgeni.

Kuhusu sarufi, "vamizi" liache lilivyo: mmea vamizi, mimea vamizi, samaki vamizi. Ukisema mvamizi au wavamizi hapo ndo watu wanafikiria mapanga.

mtoto_wa_marigat
Salamu kutoka Baringo. Sisi huku hatukujifunza hilo neno kwa kamusi, tulijifunza kwa mathenge. Ule mti uliletwa miaka ya 80 mwanzoni, serikali na wafadhili walitaka kuzuia jangwa na watu wapate kuni, na kusema ukweli ulifanya kazi, vumbi lilipungua na kivuli kikapatikana. Shida ikaanza ulipokataa kukaa pale ulipopandwa. Mbuzi anapenda maganda yake kwa sababu ya utamu, anakula, mbegu inapita tumboni nzima inaanguka na mavi mahali pengine inaota, kwa hivyo ni sisi na mifugo yetu tuliousambaza bila kujua. Ule utamu ukaharibu meno ya mbuzi mpaka yakang'oka, na mbuzi asiye na meno atakula nini. Miiba inatoboa hata tairi. Jamii ya Ilchamus waliishtaki serikali na wakampeleka mbuzi kibogoyo mpaka mahakamani Nairobi mahakimu wamuone kwa macho yao.

Sasa watu wanachoma makaa ya mathenge na wanapata pesa kidogo, lakini ukikata bila kung'oa kisiki unachipua tena mashina mengi kuliko mwanzo. Kwa hivyo mkuu kwenye karatasi yako usiandike kana kwamba mmea vamizi ni lazima uwe umeingia kwa siri. Huu wetu ulikaribishwa.

amani_msituni
Naongeza moja kutoka Muheza kwa sababu wengi wanadhani mgeni maana yake ametoka nje ya nchi. Hapana. Kuna mti msizi, kitaalamu Maesopsis eminii, asili yake ni kule Kagera na Uganda, kule ni mti wa kwao hauna shida na mtu. Uliletwa huku Usambara Mashariki ukapandwa, na misitu ilipokatwa sana mbao ukapata uwazi, basi ukakimbia. Hondohondo wanakula matunda yake wanaangusha mbegu ndani ya msitu wa asili, na huu msitu una mimea ambayo haipo kwingine popote duniani. Mti wa Tanzania, ndani ya Tanzania, na bado unaitwa "invasive". Mimea haijui mipaka ya nchi, inajua mvua na udongo na nani wa kuila.

mwaloni_mwanza
Mimi nina swali gumu kidogo kwa mwalimu hapo juu. Gugu maji hakuna anayebisha, limetoka Amerika ya Kusini, likaziba mialo mpaka mitumbwi haitoki, ikabidi waletwe wale wadudu fukusi wa kulila. Lakini sangara je? Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 50 na 60, kwenye vitabu anaitwa "invasive" na yupo kwenye orodha za dunia za viumbe vamizi wabaya. Mimi nimesomeshwa na sangara. Baba yangu alijenga kwa sangara. Nikimwambia mama huyu ni samaki vamizi ataona namtukana mtu aliyetulisha.

kalamu_na_chaki
Swali zuri na sitaki kulipita juu juu. Neno halipimi kama kitu kina faida sokoni, linapima kilichotokea kwa waliokuwepo. Muulize mama yako kuhusu furu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa, atakumbuka, ziwa lilikuwa na mamia ya aina za furu na nyingi hazionekani tena tangu sangara aongezeke miaka ya 80. Sangara sio chanzo pekee, maji nayo yalichafuka, ila mkono wake upo. Kwa hiyo ni samaki vamizi na ni samaki aliyekusomesha, yote mawili ni kweli. Mimi nisingemficha mama upande mmoja.

mwaloni_mwanza
Furu tulikuwa tunawala utotoni, nakumbuka. Sawa, nimeelewa.

mgani_wa_kijiji
Wakuu sijui niwashukuruje. Nimekaa nimefuta "mimea ya kigeni" yote nimeandika hivi, nisomeeni:

"Gugu karoti ni mmea vamizi. Maana yake, limeletwa kutoka mbali, linaenea lenyewe bila kupandwa, na linadhuru: linaua malisho, linawasha ngozi, linabana pumzi, ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu. Ling'oe kabla halijatoa maua meupe. Vaa glovu. Mahindi, mihogo na maharage yako hayahusiki."

Huo mstari wa mwisho nimeuweka kwa ajili ya yule mzee.

kalamu_na_chaki
Usiuguse, hasa wa mwisho. Badilisha kimoja tu, "ling'oe na mizizi yake", maana wengi watafyeka kwa panga na litachipua.

mtoto_wa_marigat
Na waambie wakague tope kwenye tairi za trekta na miguu ya mifugo wakitoka shamba lenye gugu. Mbegu ni ndogo sana, hutaiona ikisafiri.